Shaba, Nta na Ng'ombe: Sanamu za Wanyama Watakatifu wa Misri ya Kale Zinapotazamwa kutoka Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Namanga hupita Kitengela kabla ya kufika Isinya na hatimaye Kajiado. Kandokando ya barabara hiyo mafundi wa jua kali hulehemu malango ya chuma, na mbele zaidi yako maduka ya vinyago yanayowangojea watalii. Katika maduka hayo wamepangwa simba, twiga na ndovu wa mbao na wa mawe laini ya Kisii. Ng'ombe, ambaye ndiye mhimili wa maisha ya Wamaasai walioishi katika mbuga hizo kwa vizazi vingi, haonekani ila kwa nadra. Wa chuma au wa shaba ndiye adimu zaidi.

Hali hii inazua swali. Wamisri wa kale waliwafanya kwa shaba fahali, paka, kwarara, mwewe, mamba na hata mjusi, wakawapeleka hekaluni kwa maelfu. Wamaasai nao wana ng'ombe wanaoaminiwa kuwa zawadi ya Enkai, na wana wahunzi stadi, ilkunono, ambao kwa karne nyingi wamewafulia mikuki na sime. Iweje basi moto, madini na mnyama viungane upande mmoja na kutengana upande wa pili? Makala haya yanakusudia kufafanua sanamu hizo za Misri, jinsi zilivyotengenezwa na kazi iliyokusudiwa, kisha kulirejesha swali hilo Kajiado.

Ikumbukwe kwamba ulinganisho huu si hoja ya asili. Mwaka 1904 afisa wa Kijerumani Moritz Merker alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wamaasai akidai kwamba wao na Waebrania wa kale ni wa chimbuko moja. Dai hilo halikukubaliwa na wataalamu, na wengine waliofuata nyayo zake kwa kulitafutia kila jambo la Afrika Mashariki mzizi wa Misri hawakufanikiwa zaidi. Watu wawili waweza kumpenda ng'ombe pasipo mmoja kumfundisha mwingine.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa kuutatua mkanganyiko wa lugha. Neno shaba katika Kiswahili limebeba madini matatu yaliyo tofauti. Kwanza ni shaba halisi, ile ichimbwayo ardhini, ambayo wengi huiita shaba nyekundu. Pili ni mchanganyiko wa shaba hiyo na zinki, wenye rangi ya manjano, ambao hutumika kutengenezea mabomba, kufuli na mapambo. Tatu ni mchanganyiko wa shaba na bati, ambao ndio uliotumika katika sanamu nyingi za Misri. Mwanariadha anayeshika nafasi ya tatu hupewa medali ya shaba, na hakuna anayejisumbua kuuliza ni shaba ipi. Kwa mwanafunzi wa historia ya ufundi, hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo, kwa maana enzi nzima ya historia ya binadamu imepewa jina la huo mchanganyiko wa tatu. Kwa kukosa neno moja lililozoeleka, makala haya yatauita shaba-bati pale tofauti inapohitajika.

Upande wa vitenzi lugha imejaliwa zaidi. Kufua ni kukipiga chuma kikiwa moto hadi kipate umbo. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu. Kuchonga ni kupunguza mti au jiwe. Tafsiri ya Biblia ya Union Version huitunza tofauti hii vizuri: katika Kumbukumbu la Torati sanamu ya kuchonga na ile ya kusubu hutajwa kando kwa kando kama makosa mawili. Inasikitisha kwamba kitenzi kusubu kimeachwa kwa wasomaji wa Maandiko, ilhali mafundi wa mitaani wanaoyeyusha alumini na kuimimina katika mchanga ili wapate sufuria wanakifanya kitendo hicho hicho kila siku.

Kazi ya nta na moto

Sanamu za Misri zilisubiwa kwa njia ya nta inayopotea. Fundi alianza kwa kumfinyanga mnyama kwa nta ya nyuki. Nta ni laini, hupokea alama ya ukucha na ya sindano, na kwa hiyo manyoya ya mwewe au masharubu ya paka yaliweza kuchorwa kwa urahisi kabla moto haujawashwa. Vijiti vya nta viliongezwa ili viwe mifereji ya kuingizia madini na kutolea hewa. Kisha umbo zima lilipakwa udongo laini, tabaka baada ya tabaka, likaachwa likauke. Udongo ulipochomwa uliiva na kuwa mgumu, nayo nta ikayeyuka na kutiririka nje. Kilichobaki ndani ni uwazi wenye sura ya mnyama.

Hapo ndipo shaba-bati ilipomiminwa. Shaba tupu huyeyuka katika nyuzi 1085 za selsiasi. Ikichanganywa na bati kwa kiasi cha moja ya kumi, huanza kutiririka katika nyuzi takriban 1000, tena hujaza pembe ndogo za kalibu vizuri zaidi. Katika karne za baadaye mafundi waliongeza pia risasi, ambayo hurahisisha mtiririko huo na kupunguza gharama. Michoro ya kaburi la Rekhmire huko Thebes, ya karne ya 15 K.K., inawaonyesha wafanyakazi wakikanyaga mivukuto kwa miguu ili kuupandisha moto. Madini yakishapoa, udongo ulivunjwa. Kalibu haikuweza kutumika tena, na kosa la kumimina lilimaanisha kuanza upya.

Sanamu ndogo zilisubiwa zikiwa zimejaa. Kwa zile kubwa njia hiyo ingekula madini mengi na kuleta nyufa wakati wa kupoa. Kwa hiyo fundi alitengeneza kwanza kiini cha udongo, akakivisha nta nyembamba, kisha akakizungushia udongo wa nje. Vipini vya chuma vilikishikilia kiini kisisogee nta ilipotoka. Matokeo yake ni mnyama mwenye ngozi ya shaba na uwazi tumboni. Paka maarufu wa Gayer-Anderson, aliyehifadhiwa katika British Museum jijini London na ambaye ni wa takriban mwaka 600 K.K., ni mfano bora. Ana kimo cha sentimita 42, hereni za dhahabu masikioni na pete puani. Kwa macho anaonekana hana dosari. Picha za eksirei zilipopigwa, zilifichua kwamba mwili wake una nyufa zilizozibwa na kutengenezwa kwa ustadi.

Nadhiri, wala si kuabudu madini

Msomaji wa leo hudhani kwa wepesi kwamba Mmisri aliipigia magoti shaba. Ushahidi unaonyesha jambo tofauti. Sanamu nyingi zilizobaki ni za kipindi cha kuanzia mwaka 664 K.K. hadi utawala wa Waptolemayo ulipokoma mwaka 30 K.K., nazo zilikuwa sadaka za nadhiri. Mtu aliyetaka uzima, mtoto au ulinzi alitoa sanamu hekaluni. Kwenye kitako chake aghalabu paliandikwa ombi fupi kwa mungu pamoja na jina la mtoaji na la mzazi wake. Sanamu ilisimama mahali pa mtoaji, ikiomba alipokuwa amerudi shambani. Paka aliwakilisha upande wa upole wa mungu wa kike Bastet, aliyekuwa na hekalu Bubastis. Kwarara alikuwa wa Thoth, mlezi wa waandishi. Mwewe wa Horus.

Baada ya miaka mingi mahekalu yalifurika. Sadaka haikuweza kutupwa wala kuyeyushwa ovyo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mungu. Makuhani wakazikusanya na kuzizika ndani ya eneo takatifu. Desturi hiyo ndiyo iliyowaneemesha wanaakiolojia. Uchimbaji wa Walter Emery huko Saqqara katika miaka ya 1960 ulikuta akiba za namna hiyo karibu na mapango walimozikwa wanyama, na Mei 2022 serikali ya Misri ilitangaza kupatikana kwa sanamu 150 za shaba katika makaburi hayo hayo ya Saqqara, zilizofukiwa pamoja.

Baadhi hazikuwa sanamu tu, bali majeneza. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kuyapitishia miali ya nyutroni masanduku sita ya shaba yaliyozibwa, yenye sura za mijusi, mikunga na nyoka aina ya koboka juu yake. Eksirei zilikuwa zimeshindwa kupenya vizuri, nyutroni zilipenya. Ndani mlikuwa na mabaki ya mifupa, na katika baadhi yake ilitambulikana kuwa ni ya mijusi. Kiumbe ambaye leo hufukuzwa ukutani kwa ufagio alifungwa ndani ya shaba na kuwekwa wakfu. Hapa ndipo ulinganisho na dini nyingine huwa mgumu, na pengine ni busara zaidi kuuacha ukweli huo ubaki wa ajabu kuliko kuulainisha.

Aliyeheshimiwa zaidi ya wote ni fahali Apis wa Memphis. Huyu hakuwa kila fahali. Alikuwa mmoja kwa wakati mmoja, akatambuliwa kwa alama zake: mwili mweusi, pembetatu nyeupe pajini, na alama nyingine ambazo makuhani walizijua. Akifa alitiwa dawa asioze na kuzikwa Saqqara, katika mahandaki ambayo Auguste Mariette aliyafikia mwaka 1851, kisha nchi nzima ikatafutwa ndama mwenye alama zile zile. Sanamu zake za shaba humwonyesha akitembea, kisahani cha jua na koboka vikiwa baina ya pembe, mabawa ya ndege yamechorwa mgongoni, na ile pembetatu haikusahauliwa.

Apis alikuwa mnyama wa Ptah. Na Ptah, kwa imani ya Memphis, ndiye aliyekuwa mlezi wa mafundi: wachongaji, waashi na wafua madini. Kwa hiyo fundi alipomsubu Apis, alikuwa anamtengeneza mnyama wa mungu wake mwenyewe. Kalibu na zizi vilikuwa chini ya bwana mmoja. Hata hivyo, heshima ya mungu haikumshukia daima mfanyakazi. Maandishi ya mafunzo yanayohusishwa na Khety, ambayo wanafunzi wa uandishi waliyanakili kwa vizazi, humcheka mfua madini mdomoni mwa tanuri, vidole vyake vikikakamaa kama vya mamba na harufu yake ikichukiza. Ni kejeli ya waandishi juu ya wale wasiojua kuandika, na haina budi kusomwa hivyo. Lakini inafichua kwamba shaba ilipokelewa hekaluni kwa mikono miwili huku mikono iliyoisubu ikidhihakiwa.

Ilkunono wa Kajiado

Kwa Wamaasai dharau hiyo ilikuwa zaidi ya kejeli ya darasani. Ilkunono ni Wamaasai. Wanasema Kimaa, wanafuga, na wanafuata taratibu za rika. Walakini jamii iliwatenga. Wasio wahunzi hawakuoana nao, na boma lao lilikaa mbali kidogo. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai, aliandika kwamba aliyepokea silaha kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Mafuta yalisimama kati ya ngozi na unajisi. Sababu itolewayo aghalabu ni damu: mhunzi hutengeneza kitu kinachoua. Mwanaanthropolojia John Galaty, katika makala yake ya mwaka 1979, aliitazama sababu hiyo kwa jicho jingine. Kwa maoni yake, mfugaji hujitambulisha kuwa mfugaji kamili kwa kuzisukuma kazi zisizo za ufugaji kwa wengine, kisha kuziita chafu. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa inaeleza pia kwa nini wawindaji nao walidharauliwa, ingawa haielezi yote: kwa majirani Waagikuyu, mhunzi aliogopwa kwa nguvu ya laana yake, na woga haufanani na kinyaa.

Ilkunono walifanya kazi ya chuma, na chuma hufuliwa. Hakisubiwi kwa moto wa mkaa na mivukuto ya ngozi, kwa kuwa hudai nyuzi zaidi ya 1500. Hapo zamani walikipata kwa kuyeyusha mchanga wenye madini, baadaye wakatumia nyaya zilizoletwa na misafara kutoka pwani, na katika zama za magari wakageukia tupa kuukuu na springi. Sime iitwayo olalem, inayoning'inia kiunoni mwa wanaume wengi Kajiado, aghalabu ilianza maisha yake chini ya lori.

Je, kutokuwapo kwa sanamu ya ng'ombe kunaelezwa na ufundi huo tu? La. Mtu ashindwaye kusubu chuma bado anaweza kukifua kiwe na pembe, na shaba ilijulikana kama pambo. Jibu limo zaidi katika ng'ombe mwenyewe. Simulizi ya Kimaasai husema kwamba Enkai aliwateremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Zawadi hiyo haina haja ya mfano, kwa maana ipo zizini ikicheua. Mmisri mkulima alimwona Apis kwa nadra, tena kwa ruhusa. Sanamu ilimsogezea mnyama aliyekuwa mbali. Mmaasai humjua kila ng'ombe kwa rangi, mabaka na mkunjo wa pembe, na msamiati wake wa rangi za mifugo ungewashangaza makuhani wa Memphis. Maombi hufanywa kwa maziwa, majani mabichi na mnyama aliye hai. Tena wahamaji hawana hekalu la kujazwa sadaka. Mahali ambapo mfano wa ng'ombe huonekana ni mchezoni, pale watoto wanapopanga mawe madogo vumbini na kuyaita mifugo yao.

Hata hivyo, kitu kimoja hukanusha kwamba mhunzi na ng'ombe hawakutani. Ni kengele. Mhunzi hukunja bamba la chuma, hulitia ulimi, na kengele hiyo hufungwa shingoni mwa mnyama apendwaye kuliko wote. Mkuki hupakwa mafuta kabla ya kushikwa. Kazi ya mikono ile ile hulala usiku kucha juu ya ngozi ya ng'ombe wa thamani.

Simba wa Shanga

Afrika Mashariki haikukosa kabisa sanamu ya shaba ya mnyama. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton aliyechimba huko katika miaka ya 1980 alipata simba mdogo wa shaba, na mwaka 1988 yeye na Richard Blurton walimchapishia makala katika jarida la Antiquity. Mtindo wake ni wa Kihindi, wa aina inayohusiana na ibada za Kihindu, naye alitoka katika mji wenye msikiti. Jambo hili lisimshtue mwanafunzi wa utamaduni wa Waswahili: bandari ni mahali ambapo mtu huleta mungu wake ndani ya mzigo. Simba huyo ni tofauti na akiba za Saqqara kwa kuwa ni mmoja, tena mgeni wa mtindo.

Magharibi mwa bara, mafundi wa Benin waliwasubu chui na majogoo kwa nta kwa ajili ya jumba la mfalme, na walikuwa na chama chao chini ya ulinzi wake. Huko mhunzi aliheshimiwa kwa sababu mfalme alihitaji kazi yake. Waingereza walipoiteka Benin mwaka 1897 walizichukua kazi hizo kwa maelfu, na hadi leo zinadaiwa.

Kitengela ya leo

Kitengela imebadilika kuliko Shanga na Saqqara. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lilipoanzishwa katika mji jirani wa Athi River mwaka 1990, wafanyakazi walihitaji nyumba, ardhi iligawanywa, na nyua zikakata njia za wanyama waliokuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda malishoni. Juni 2012 wakazi waliwaua simba sita baada ya mifugo yao kushambuliwa. Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipigwa risasi Isinya alipokuwa amezingirwa na umati. Wakati huo huo, kando ya mbuga hiyo hiyo, karakana ya vioo iliyoanzishwa na Nani Croze imekuwa ikiyeyusha vioo vilivyotupwa na kuvigeuza kuwa shanga na mapambo, na msanii Kioko Mwitiki amejulikana nchini kwa ndovu na wanyama wengine aliowaunda kwa vyuma chakavu. Yumkini Mmisri angewaelewa upesi wasanii hawa, maana naye alianza kuwatengeneza wanyama kwa wingi kwa ajili ya watu waliokuwa mbali nao.

Kuhusu ilkunono, sheria imekwisha kusema neno lake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinapiga marufuku ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo asili ya kijamii ya mtu. Posa, hata hivyo, hazipelekwi mahakamani, na familia haidaiwi sababu inapomkataa mchumba. Suala hili linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ambamo kijana wa ukoo huo anaweza kujiita mhunzi, fundi au msanii pasipo kulitamka lile jina la Kimaa ambalo kwa masikio ya wengine limekuwa tusi. Wapo watakaoiona hiyo kuwa nafuu, na wapo watakaoiona kuwa ni kulificha jina ambalo lilipasa kusafishwa.

Vitako vya sanamu za Misri vimehifadhi majina ya watoaji kwa miaka zaidi ya 2000. Ya waliosubu hayakuandikwa ila kwa nadra. Kengele za Kajiado hazina maandishi yoyote. Mfugaji anayeitafuta mifugo gizani huwatambua ng'ombe wake kwa mlio, na mlio wa kila kengele hutegemea jinsi mhunzi alivyolikunja bamba lake.